Kadi Ndani ya Kitabu cha Nyimbo

Baba alipoambiwa ana mawe kwenye nyongo, alifurahi. Nasema alifurahi, na anayetaka kubisha na abishe. Mimi ndiye niliyekuwa nimeketi kando ya kitanda chake nikamwona. Macho yalikuwa ya manjano, mikono ameikuna mpaka imechubuka, homa inapanda na kushuka ipendavyo yenyewe, na bado baba alimuuliza daktari mara mbili, "Mawe? Una hakika ni mawe?" Daktari akamwambia picha imeonyesha wazi: jiwe limekwama kwenye mrija wa kupitishia nyongo, nyongo haina pa kutokea, ndiyo maana amegeuka rangi. Baba akalala chali, akashusha pumzi ndefu.

Jumapili iliyofuata mzee wa kanisa alisimama mbele na orodha ya wagonjwa. Alipofika kwa baba akasema, "Ndugu yetu yuko hospitali kubwa, ana mawe ya nyongo. Tumkumbuke." Watu wakaitikia kwa sauti, na mama yangu akainua shingo kidogo pale kwenye benchi la akina mama.

Nieleze jambo hili, maana bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Kanisani kwetu, mtaa wa Ziwani, Nairobi, mgonjwa hakuombewa hivi hivi tu. Alisomwa pamoja na ugonjwa wake. Fulani, presha. Fulani, sukari. Fulani, mguu ulibanwa na mashine kule Industrial Area. Nia ilikuwa njema, watu wajue wanaombea nini, lakini ukikosa kutaja ugonjwa wako, waumini walikujazia. Na hiyo ilikuwa miaka ya tisini, watu walikuwa wanakonda na kuzikwa kila wiki, hakuna aliyekosa la kujaza. Kuhusu ini, hata kujaza hakukuhitajika. Ini lilikuwa na maana moja katika mitaa yetu yote: pombe. Mtu wa ini ni mtu wa chang'aa, kwisha, hana pa kukata rufaa.

Baba yangu hakuwahi kuonja hata busaa, ile pombe ya matangani, kule kwetu magharibi. Alikuwa ndiye mwalimu wa kwaya ya wazee, mtu anayepiga pasi suruali ya kazini ili akaichafue na rangi vizuri. Na ini lake lilikuwa gonjwa. Tulijua wawili tu, yeye na mimi.

Nilikuja kujua miaka miwili kabla ya hayo mawe. Nilikuwa na cherehani yangu katika soko la Gikomba, nikirekebisha makoti ya mitumba: kutia bitana mpya, kuziba mifuko iliyotoboka, kubadilisha vifungo. Asubuhi moja baba alitokea katikati ya makoti yaliyoning'inia, bado amevaa ovaroli ya kiwanda cha rangi alikofanya kazi maisha yake yote ya Nairobi. Hakuwahi kunitembelea kazini. Alinipa kadi ya kliniki ya kiwandani akasema, "Nisomee hapa chini." Kwa Kiingereza alikuwa anajua kusoma majina ya rangi na maneno ya hatari kwenye madebe, basi. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne.

Kulikuwa na neno refu la kidaktari ambalo nililisoma silabi kwa silabi, na baada yake maelezo ya mkono: ini limejaa makovu na kusinyaa, fizi zinatoka damu, damu inakawia kuganda, arudi baada ya mwezi. Nilipomaliza, baba alitazama kulia na kushoto kama mtu aliyeiba koti. Akaikunja kadi mara nne.

"Umemwambia nani?" akauliza.

"Baba, si ndiyo nimesoma sasa hivi?"

"Basi usimwambie mtu. Hata mama yako. Niapie."

Nilikuwa na pini tatu mdomoni. Nilizitema nikaapa. Sikuona ubaya wake siku ile, na nikiri kwamba nilijisikia mtu mkubwa kuwa na siri na baba yangu. Jioni alinipa kitabu chake cha nyimbo, kile nilichokuwa nimekivalisha jalada la kitambaa cha buluu, akaniomba niingize kadi chini ya jalada na kushona tena. Nikashona. Kliniki hakurudi. Kurudi ni kuonekana, na pale kiwandani nusu ya wafanyakazi walikuwa majirani zetu.

Kwa hiyo mawe yalipokuja, yalikuja kama wageni wanaotarajiwa. Mawe ni ugonjwa wa heshima. Hayana aibu, mtu akitolewa huyaweka kwenye chupa akawaonyesha watu.

Siku moja kabla ya kazi ya kumtoa lile jiwe, tulikwenda kumwona saa saba mchana, saa ya wageni. Tulikuwa wanne: mama, mimi, yule mzee wa kanisa, na mke wake. Mzee alikuwa mtu mpana, mwenye tumbo lililomtangulia, na sauti iliyofaa kusomea orodha. Aliimba ubeti mmoja akaomba kwa kirefu. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina pia, maana wadi ile haikuwa na faragha ya kumnyima mtu maombi.

Tulikuwa bado tumefumba macho daktari alipokuja na fomu. Alikuwa kijana, mikono ya shati ameikunja, na alisubiri amina kwa adabu. Kisha akamweleza baba kila kitu kwa Kiswahili safi. Kesho asubuhi watampitishia mpira mwembamba mdomoni, wenye taa na kioo cha kuonea, ushuke tumboni mpaka pale utumbo unapopokea nyongo. Pale pana mlango mdogo. Wataukata kidogo kwa waya wa umeme, uwe mpana, jiwe lipite. Hakutakuwa na kupasuliwa tumbo.

Mama akasema, "Mungu ni mwema."

"Damu yako inakawia kuganda," daktari akaendelea, "lakini hiyo ni kwa sababu nyongo imeziba, chakula hakikupi vitamini fulani. Tunakupiga sindano zake, itakaa sawa. Sasa nina maswali kidogo. Umewahi kufanyiwa upasuaji?"

"Hapana."

"Una kisukari?"

"Hapana."

"Una ugonjwa wowote wa ini?"

Baba hakunitazama mimi. Alimtazama mzee wa kanisa, haraka, halafu akatazama fomu. "Hapana, daktari," akasema. "Ini langu ni zima kabisa."

"Huyu ni mtu wa Mungu, daktari," mzee akadakia. "Pombe hata harufu yake haijui."

Hakuna aliyekuwa ametaja pombe. Nilisikia jambo hilo wakati ule ule, kwamba jibu la mzee lilikuwa limewahi mno, lakini sikuwa na nafasi ya kulifikiria, kwa sababu nilikuwa nangoja kinywa changu kifunguke. Hakikufunguka. Mama alikuwa upande mmoja, mzee upande mwingine, baba katikati ananyoosha mkono aandike jina lake. Nilijiambia nitasema daktari akitoka nje, kisha nikajiambia nitamfuata koridoni, kisha kengele ya wageni ikalia na nesi akaanza kutufukuza, na daktari alikuwa ameshapotea kwenye milango.

Nimejilaumu kwa mengi maishani, lakini kwa ukimya ule bado najilaumu.

Tulirudi nyumbani. Mama aliimba akifua pajama za baba, akapanga tutakavyompikia mchuzi wa kuku akirudi. Mimi nilikaa kitandani mwangu upande wangu wa pazia. Nyumba zetu za Ziwani zilikuwa chumba kimoja, na pazia nililoshona mwenyewe ndilo lililotenga upande wa wazazi na upande wangu. Mama alinitilia ugali na sukuma wiki. Sikuweza hata tonge moja. Maneno ya daktari na maneno ya kadi yalikuwa yanagongana kichwani. Daktari alisema damu inakawia kuganda kwa sababu ya jiwe. Kadi ilisema damu inakawia kuganda, na kadi iliandikwa kabla ya jiwe. Mimi ni fundi wa kushona, sikusomea udaktari, lakini ukishona utajua kwamba doa linaloonekana juu linaweza kuwa limeanzia kwenye bitana. Nilikumbuka mate ya baba kila alipopiga mswaki pale bombani, rangi ya waridi, na jinsi alivyokuwa anayafunika haraka na maji.

Usiku ule sitausimulia. Kulipopambazuka mama alikwenda bombani kupanga foleni ya maji, nikachukua kitabu cha nyimbo kwenye rafu. Baba alikuwa amekiacha nyumbani, yeye ambaye hakuwahi kwenda popote bila hicho kitabu. Niliketi na mkasi mdogo nikafumua mshono wangu mwenyewe, kwa haraka mpaka nikajikata kidole. Kadi ilikuwa pale. Niliitia kifuani nikatoka jinsi nilivyokuwa, na blauzi tu, mwezi wa saba, ule mwezi ambao Nairobi inasahau jua.

Nilitembea kupitia Kariokor, nikakata mjini, nikapanda kile kilima cha hospitali nikiwa nusu nakimbia. Njia nzima nilifanya mazungumzo na baba. Nilimweleza, akanikaripia, nikamweleza tena. Nilikuwa naogopa mambo mawili na sikujua lipi ni kubwa: kwamba nitachelewa, na kwamba sitachelewa.

Langoni askari alinizuia na rungu lake, kwa utani wa asubuhi.

"Sasa dada, unaenda wapi? Saa ya kuona wagonjwa bado."

"Nina karatasi ya daktari."

"Karatasi gani? Leta nione."

"Ni ya daktari, si yako! Mtu wangu anaingizwa asubuhi hii, na ukinisimamisha hapa akafa nitakuja kukuuliza wewe!"

Nilikuwa nimepiga kelele. Wanawake waliobeba uji kwenye thamosi waligeuka. Askari akainua mikono. "Haya, haya, wacha maneno mingi. Ingia. Lakini ukishikwa, mimi sikukuona."

Daktari nilimkuta mwisho wa koridoni, nje ya chumba cha ile kazi, anakunywa chai akiwa amesimama. Sikumsalimu. Nilimpa kadi ikiwa imekunjwa vile vile mara nne, ina joto la mwili wangu na tone la damu ya kidole changu. Aliisoma. Akaweka kikombe ukingoni mwa dirisha, akasoma tena.

"Hii ni ya mgonjwa wangu wa jiwe?"

"Ni baba yangu."

"Jana nilimuuliza. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Kwa nini hakusema?"

"Kwa sababu mzee wa kanisa alikuwa amesimama pale."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Aliuliza, "Anakunywa?" na hapo hasira yote niliyoibeba kutoka Ziwani ikapata mlango.

"Hajawahi! Hata tone! Ndiyo maana hakusema, kwa sababu hata wewe uliyesoma, swali lako la kwanza ni hilo!"

"Siulizi kumhukumu," akasema polepole. "Ini linaharibiwa na vitu vingi. Kuna virusi mtu anavipata akiwa mtoto mdogo, anaishi navyo miaka arobaini bila kujua. Nauliza ili nijue namna ya kumshika." Akanielekeza kwenye benchi ya saruji iliyojengewa ukutani. "Keti. Nikueleze, maana umefanya vizuri kuja."

Aliniambia kwamba ini ndilo linalotengeneza vitu vya kugandisha damu. Kama tatizo lingekuwa jiwe peke yake, sindano za vitamini zingetosha. Kwa ini lililosinyaa, unaweza kupiga sindano mpaka uchoke na damu isibadilike, na wao walikuwa wanapanga kukata. Pale ndani, kwenye ule mlango mdogo, damu ikikataa kusimama, si mahali pa kufunga bandeji. Tena mtu wa ini mishipa yake ya kwenye koo la chakula huwa imevimba, imejaa damu, na mpira wao unapita hapo hapo. Na dawa ya usingizi nayo huondolewa mwilini na ini. Kipimo cha mtu mzima mwenye afya kinaweza kumlaza huyu asiamke vizuri, au aamke hajui alipo.

"Basi msimfanyie," nikasema.

"Tusipomfanyia, ule uchafu uliokwama nyuma ya jiwe utaingia kwenye damu. Homa unayoiona ndiyo huo unaanza. Siku mbili, tatu, sidhani kama atazivuka."

Kwa hiyo hapakuwa na njia salama. Nilikuwa nimekuja mbio nikidhani kadi ni ufunguo, kumbe ni habari tu. Moyo ulinishuka. Nadhani aliona, kwa sababu aliongeza, "Lakini sasa tutafanya tofauti. Hatutakata. Tutamwongezea maji ya damu yanayosaidia kuganda, tutampa dawa ya usingizi kidogo kidogo, na badala ya kutoa jiwe tutapenyeza mrija wa plastiki kando yake, nyongo ishuke. Jiwe libaki. Nitamwita mkubwa wangu awepo. Bado ni hatari. Nisikudanganye."

Alikwenda wadini na kadi mkononi. Nilimfuata kwa mbali. Baba alikuwa ameshavalishwa gauni la hospitali, amekaa ukingoni mwa kitanda. Aliiona kadi kabla hajamwona daktari vizuri. Kisha akanitafuta kwa macho nyuma ya daktari, akanipata mlangoni. Sikusikia walichozungumza. Niliona midomo ya daktari ikienda, na baba akiitikia kwa kichwa, mara moja, mara mbili, akiwa ananitazama mimi muda wote kwa yale macho ya manjano. Nilitamani atukane. Baba hakuwa mtu wa matusi.

Walimsubirisha mpaka yale maji ya damu yakaletwa na kuingia yote mkononi mwake. Mimi nilirudi kwenye benchi. Saruji ile ilikuwa baridi ya kupenya mifupa, na upepo ulikuwa unaingia chini ya mlango. Nilijikumbatia, nikaweka mikono makwapani, meno yakagongana hata hivyo. Ilipokaribia saa nne walimpitisha kwenye kitanda cha magurudumu, blanketi mpaka kidevuni. Nilisimama. Nilisema, "Baba." Alikuwa ametazama dari. Hakugeuza shingo. Milango ikafunguka, ikajifunga.

Kile kipindi cha kungoja ndicho ninachokiota mpaka leo. Si mlango wala daktari, naota kungoja. Kila nesi aliyetoka nilimsoma uso. Mmoja alitoka haraka akarudi na chupa, nikaamini ndiyo damu imekataa kusimama. Mwingine alitoka anacheka na mwenzake, nikamchukia kwa roho yangu yote. Nilianza kumwomba Mungu nikashindwa, kwa sababu nilianza kutaja ugonjwa, kama tulivyozoea, na sikujua nitaje upi. Nilijiuliza kama ningesema jana. Nilijiuliza kama ningesema miaka miwili iliyopita, nikiwa na pini mdomoni. Kisha nikawaza kwamba akifia humo ndani, jambo la mwisho nililomfanyia baba yangu ni kumvua nguo mbele ya watu, na yeye atakuwa amekufa akilijua.

Daktari alitoka ameloa jasho. "Mrija umeingia," akasema. "Ametoka damu kidogo, imesimama. Ile mishipa tuliiona, imevimba kweli kweli. Tumepita polepole sana." Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Tungekata kama tulivyopanga, sijui. Kweli sijui."

Nikakaa chini nikalia, mikono kichwani. Alinirudishia kadi na kuniambia sisi sote nyumbani tupimwe damu, kwa ajili ya vile virusi.

Baba aliamka jioni akiwa amechanganyikiwa. Aliita majina ya ndugu zake waliokufa, akawa anavuta shuka akidhani ni turubai la kiwandani. Siku mbili tulikaa roho juu, hatujui kama akili itarudi. Siku ya tatu ilirudi, homa ikatulia, na umanjano wa macho ukaanza kupauka. Akaongea na mama. Akaongea na nesi. Akaongea na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu bei ya mabati. Mimi hakunisemesha.

Alirudi Ziwani, akalala nyuma ya pazia langu, na nyumba ikawa na lugha mpya. "Mwambie binti yako alete maji." Nami nimesimama hapo hapo. "Muulize binti yako kama ameona miwani." Mama alikuwa anapeleka ujumbe umbali wa hatua mbili, mara ya kwanza kwa kicheko, baadaye kwa kuchoka. Nilileta maji. Nilitafuta miwani. Kila asubuhi nilimwamkia, na kila asubuhi aligeukia ukutani. Kitabu cha nyimbo kilikaa kwenye rafu na jalada lake limefumuka, na hakuna aliyeniomba nilishone.

Siri yenyewe haikumaliza wiki. Daktari alikuwa amemkataza chumvi, na nyumba zetu jiko lilikuwa la wote, wanawake wanapika bega kwa bega na kuonjana mboga. Mboga isiyo na chumvi haifichiki. "Hii ni chakula ya mtu wa ini," mmoja alisema, bila ubaya wowote, na mama, ambaye alikuwa ameambiwa na daktari siku chache tu kabla, hakuweza kudanganya akiwa na mwiko mkononi. Jumapili ile mzee alisoma orodha, na alipofika kwa baba akasema, "Ndugu yetu anaendelea kupata nafuu." Hakutaja mawe. Hakutaja chochote. Mama hakuinua shingo.

Wiki ya tatu ilikuwa inaisha mke wa yule mzee alipokuja. Ilikuwa mchana, mama ametoka kununua unga, mimi natia vifungo kwenye koti. Nilijua amekuja kunisema. Nilimkaribisha stuli, nikamtilia chai. Hakuinywa. Alikuwa anatazama pazia.

"Mzee amelala?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Amelala."

Alifungua pindo la leso yake. Watu hufunga pesa pale. Yeye alitoa kadi, imekunjwa mara nne, imelainika kwa kukunjwa, na muhuri wa kliniki ya mbali, upande wa pili wa mji ambako hakuna mtu wa kwetu.

"Hii ni ya mzee wangu," akasema. "Ni ini. Aliniapisha. Mwaka wa tatu huu. Jumatatu anapasuliwa kitovu, kimemtoka nje, na tumbo limejaa maji, na amewaambia madaktari hana kitu kingine. Mimi sijasoma, siwezi kusema na daktari. Wewe ulisema. Twende nawe, umwambie."

Nilimtazama yule mama, ambaye mume wake alisimama kando ya kitanda cha baba akamtetea dhidi ya pombe ambayo hakuna aliyeitaja. Ningeweza kumhurumia tu. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchungu ulinitoka kama ulivyo.

"Mimi nilisema, na unaona nyumba ilivyo," nikamjibu. "Baba yangu hajaniita jina tangu siku hiyo. Unataka mzee wako naye afanye hivyo? Wewe uko tayari?"

Machozi yakamjaa. "Sijui," akasema. "Lakini si atakuwa yuko?"

Nyuma ya pazia kitanda kililia. Nilisikia baba akijiinua taratibu, akikohoa, akitafuta ndara kwa mguu, kisha akiacha kuzitafuta.

"Nenda naye," alisema.

Nilidhani anaongea na mke wa mzee. Sindano ilikuwa bado iko hewani mkononi mwangu.

"Wewe, mwanangu. Nenda naye. Mwende mapema, kabla hawajamvisha lile gauni." Alikohoa tena. "Na uvae sweta. Ile benchi ni baridi."